Mianzi ya Getini Kwangu

Wapendwa, leo sina uso. Ule niliokuwa nao asubuhi umebaki bustanini kwangu hapa Lyamkena, mbele ya wanajumuiya ishirini na wawili na mwinjilisti mmoja. Nawasimulia mwenyewe kabla hamjasimuliwa na Makambako nzima, maana huku kwetu upepo hauna siri.

Jumuiya yetu ya maombi huzunguka nyumba kwa nyumba kila Jumamosi saa tisa alasiri. Mwezi uliopita mwenyekiti wetu alihamia Mbeya, kiti kikabaki wazi. Nilikitaka kile kiti. Sitawadanganya, nilikitaka sana (nilikuwa nimeshaanza hata kutembea kama mwenyekiti). Mwinjilisti akatangaza kwamba tutachagua leo, na nyumba ya zamu ni ya kwangu. Nikaona kabisa mkono wa Mungu.

Tatizo lilikuwa Mama Faraja, mgombea mwenzangu. Huyu ana bustani ya mbele yenye mawe yaliyopakwa chokaa na nyasi zilizokatwa sawasawa. Ibada ikifanyika kwake, watu wakitoka wanazungumzia maua kuliko neno lililohubiriwa. Mimi silaha yangu ilikuwa moja tu: vita dhidi ya pombe ya ulanzi. Msimu huu wa mvua, mianzi ikianza kutiririsha, wanaume wa mtaani kwetu hupotea kwenye vilabu mpaka giza. Kila alfajiri nilikuwa narusha ujumbe kwenye kundi la jumuiya: "Nyumba ya mcha Mungu hainuki ulanzi." Naweka na picha ya njiwa.

Na nilikuwa na haki ya kusema. Marehemu baba yangu alikuwa mwinjilisti, na tulipokuwa watoto alitupitisha njia ya mzunguko kwenda shule ili tusikanyage hata kivuli cha kilabu. Nina miaka arobaini na mitatu. Ulanzi sijauonja, sijaushika, sijasimama karibu na anayeugema. Najua unatoka kwenye mianzi, kama ninavyojua petroli inatoka ardhini. Unavyotoka sijui, na kutojua huko ndiko nilikokuwa najivunia. Ushuhuda huo nimeutoa kanisani mara nne (mara zote wamenipigia makofi).

Sasa hiyo bustani yangu. Naiita bustani kwa heshima tu. Ni kieneo cha mikeka ishirini hivi kati ya geti na baraza. Kulikuwa na magugu ya kufika kiunoni, sufuria isiyo na kitako, na tairi la lori ambalo Baba Upendo, mume wangu, alilileta miaka sita iliyopita akasema lina kazi maalumu. Kazi yenyewe mpaka leo haijajulikana. Pale getini kuna kichaka cha mianzi tuliyoachiwa na mzee aliyetuuzia nyumba. Mume wangu anauza mbao, na jembe analifahamu kwa jina.

Wiki mbili zilizopita nikapanda kwenda Njombe kwa dada yangu anayekaa mtaa wa Ramadhani. Kule baridi inauma mifupa lakini mawaridi yanachanua bila kubembelezwa. Dada akanipeleka kwa bwana mmoja mwenye kitalu. Yule bwana akaniuzia miche kumi na miwili ya mawaridi na ushauri wa bure: ukipogoa, tumia kisu kikali, kata mshazari. Alikuwa anazungumzia mawaridi. Mimi nikaona kama kanuni ni nzuri, basi ni nzuri kwa kila kinachoota.

Jumatatu ya wiki iliyopita nikaingia kazini. Nikang'oa magugu, nikalisukuma tairi mpaka uani, nikapanda mawaridi, nikapanga mawe na kuyapaka chokaa (ndiyo, nilimwiga Mama Faraja, tuendelee). Nikafika kwenye mianzi. Ile mikubwa nikaiacha. Lakini kulikuwa na michanga tisa iliyochipua na mvua hizi, minene, laini, kila mmoja umesimama unavyotaka. Inatia aibu getini. Nikaikata yote usawa wa bega langu. Mshazari. Ikapendeza mpaka nikarudi barabarani kuitazama kama mgeni.

Kesho yake ncha zimekuwa za kahawia. Sikupenda. Nikachukua kisu cha vitunguu, nikaparua kipande chembamba juu ya kila mwanzi, weupe ukarudi. Jioni kahawia imerudi, na mimi nikarudi na kisu. Ikawa ndiyo ratiba yangu, asubuhi baada ya sala na jioni kabla ya kupika. Sijawahi kuwa na bidii hivyo kwa kitu chochote tangu nijiandae na mtihani wa darasa la saba.

Siku ya tatu nikaona maji. Tone. Tone. Yanatoka kwenye ncha, yanaangukia mawe yangu ya chokaa, yanaacha madoa, na sisimizi wamepanga foleni. Nikasema huu ni umande. Asubuhi huku kuna ukungu wa kutosha, na mimea hunywa umande usiku, kwa hiyo lazima iutoe mahali fulani (sayansi yangu hiyo, sikumuuliza mtu). Nikatafuta makopo tisa ya rangi, nikayasugua, nikayapaka rangi nyeupe, nikafunga kila moja kwa kamba chini ya ncha yake. Na utepe mwekundu juu. Jioni makopo yana maji mpaka robo.

Nilifurahi. Semina za akina mama tumefundishwa kuvuna maji ya mvua, na mimi peke yangu, bila mfadhili, nilikuwa navuna umande.

Jioni ile Baba Upendo akarudi, akasimama getini. Akasimama muda mrefu. Akatazama kopo la kwanza, akatazama la tisa, akanitazama mimi.

"Mama Upendo, nani kakufundisha?"

"Nimejifunza mwenyewe," nikamjibu.

Akatikisa kichwa polepole kama mtu aliyepokea habari kubwa. Akasema basi kazi ya kuyamwaga hayo maji nimwachie yeye, atakuwa anamwagilia maua, mimi nipumzike.

Wapendwa, mume wangu akabadilika. Mtu aliyekuwa anaingia nyumbani saa tatu usiku akawa anafika saa kumi na moja, jua bado lipo. Anachukua kikombe (nilimuuliza kwa nini kikombe na si ndoo, akasema maua hayataki pupa), anakwenda bustanini, anakaa huko saa nzima. Anaimba tenzi. Akiingia ndani anacheka, anasifia ugali, anauliza habari za mama yangu. Nikawaambia akina mama wa jumuiya kwamba bustani inarudisha mume nyumbani, na wawili wakaenda kununua mawaridi siku ileile.

Kilichonitatiza ni udongo. Siku hizo mvua ilikuwa imekata, na chini ya mawaridi palikuwa pakavu. Nikamuuliza mume wangu kama kweli anamwagilia. Akasema mizizi ya Njombe inanyonya haraka. Nikaona ina mantiki.

Juzi Alhamisi asubuhi akaondoka kupeleka mbao Njombe, lori likaharibika, akalala huko siku mbili. Mimi nilikuwa na maandazi, mapazia, mabenchi ya kuazima na hotuba yangu ya kuomba kura. Makopo sikuyagusa. Yalikuwa yanajaa, na kopo lililojaa haliyumbi kwenye upepo, linakaa vizuri na utepe wake. Lakini kuparua ncha sikuacha, asubuhi na jioni, maana wageni wanakuja.

Leo saa nane mchana mume wangu akaingia getini na begi lake. Akaona makopo tisa yamejaa pomoni, povu jeupe juu. Begi likamponyoka. Akaniambia kwa sauti ya chini nimruhusu ayaondoe yote kabla watu hawajafika. Nikamuuliza kwa nini. Akasema basi tu, ayaondoe. Nikamwambia siku nzima ya kampeni yangu haitaharibiwa na mtu ambaye tairi lake lilikaa hapa miaka sita. Akaenda kuoga.

Saa tisa watu wakaanza kuingia. Mabenchi nilikuwa nimeyapanga nje bustanini, duara zuri, mianzi ikiwa nyuma ya mwinjilisti, ili kila anayemtazama aone kazi yangu. Mwinjilisti akasimama, akatazama mawaridi, mawe, tepe, akasema mbele ya wote kwamba nyumba inayotunzwa hivi ina mwenye moyo uliotunzwa. Mama Faraja akatazama chini. Hapo nilihesabu kiti ni changu.

Tukaimba, tukaomba. Katikati ya maombi nikasikia harufu. Tamu, chachu, nzito. Nikafumbua jicho moja na kukuta wengine nao wamefumbua moja moja. Baada ya amina nikasimama nikaomba radhi kwamba hiyo ni samadi, wapendwa, nimeweka juzi kwenye maua. Wanaume wa benchi la nyuma wakatazamana. Wakati ule sikuelewa walikuwa wanatazamana nini. Nyuki nao walikuwa wameanza kufika, na mwinjilisti akawa anahubiri huku anapunga Biblia pembeni ya sikio.

Somo lilikuwa ushuhuda wa nyumbani. Amefika mahali pa kusema jirani akupime kwa yanayoonekana mlangoni pako, ndipo wakatokea wanaume wawili getini. Siwafahamu. Mmoja kashika jagi la plastiki, mwingine vikombe viwili. Wakavua kofia kwa adabu.

"Kamwene, mama," akasema mwenye jagi. "Tumeona mmefungua. Leo kuna mtogwa au ni mkangafu tu?"

Hata mimi najua maneno hayo. Mtogwa ndio ulanzi mtamu, uliotoka leo. Mkangafu ndio uliolala, ule unaoangusha watu mitaroni. Niliyapigia kelele kwenye kundi la jumuiya alfajiri ya juzi. Nikamwambia, kwa sauti ya mwenyekiti mtarajiwa, kwamba amekosea nyumba, hapa tuko ibadani. Akasema hakuna neno, wao watakaa kimya pembeni. Mwenzake alikuwa ameshafika kwenye kopo la pili. Akachovya kidole, akalamba, akafumba macho.

"Mkangafu," akatangaza. "Una siku mbili."

Nyuki tu ndio waliokuwa wanaendelea na shughuli zao.

Mwinjilisti akafunga Biblia, akaweka kidole ndani ili asipoteze ukurasa. Akaniuliza kwa upole kabisa makopo yale ni ya nini. Nikamjibu ukweli wangu: navuna umande. Niliposikia neno hilo likitoka kinywani mwangu mbele ya watu wazima, nikaanza kujihurumia. Mama Faraja akatoa leso akaziba pua. Aliiziba taratibu, ili kila mtu apate nafasi ya kuona.

Sasa ndipo alipoinuka Mzee Zakaria. Huyu ndiye mkubwa wetu kwa umri kwenye jumuiya, ujana wake wote alikuwa mgema kabla hajaokoka, na ananipenda kama binti yake. Akasema watu wasinihukumu bila kuchunguza, yeye ataangalia. Nikamshukuru Mungu. Nikajua mzee atasema hii ni bahati mbaya, mama wa watu hakujua. Akavaa miwani. Akaenda mwanzi mmoja baada ya mwingine, anapapasa ncha kwa kidole gumba, anainama kutazama fundo la kamba. Dakika nzima kila mwanzi. Tisa hiyo. Halafu akageuka kwetu, na macho yake yalikuwa na machozi.

"Nimegema miaka arobaini," akasema. "Mkato huu haukatwi na mtu mgeni. Mshazari wake, wembamba wa kipande, kopo limekaa pale pale linapotakiwa. Na ameparua asubuhi na jioni bila kuruka hata siku moja, mwanzi wenyewe unasema. Mimi nilifundishwa na baba yangu miaka mitatu, na sikufika hapa. Mwacheni mama huyu. Ni fundi."

Akarudi kukaa, ameridhika kwamba amenitetea.

Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mimi nilisifiwa nikatamani nitiwe majini mwenyewe. Ushuhuda wangu wote wa mara nne kanisani ulikuwa unapita mbele yangu, na makofi yake. Nikasema sikujua. Nikasema kwa jina la baba yangu sikujua. Mbena, mwenye miaka arobaini na mitatu, mzaliwa wa hapa hapa, hajui ukikata mwanzi mchanga msimu wa mvua unatoka nini! Hata mimi nisingeniamini.

Ndipo nikamkumbuka mtu mmoja aliyekuwa anajua. Nikageuka. Mume wangu alikuwa anatazama paa la nyumba kana kwamba bati limemwita. Mwinjilisti naye akageukia kule.

"Baba Upendo," akamuuliza, "nasikia maji haya ulikuwa unamwagilia maua."

Baba Upendo akafikiri. Ni mtu mkweli, hilo sitamnyima.

"Mengine," akasema.

Benchi la nyuma likashindwa kuvumilia. Waliinama, mabega yakawa yanaruka, mmoja akatoka kabisa kwenda nyuma ya nyumba. Hata mke wa mwinjilisti alifunika uso kwa kitabu cha nyimbo. Nilikaa kwenye benchi langu la kuazima nikitazama mawaridi, makavu, kila moja peke yake, na nikaelewa sasa kwa nini tenzi zilikuwa zinaimbwa kwa hisia vile.

Nikaomba jina langu liondolewe. Mwinjilisti akasema utaratibu ni utaratibu, jina lililopendekezwa hupigiwa kura. Watu wanyooshe mikono. Wa Mama Faraja, mikono kumi na minane. Wangu, mikono minne. Nikainua macho kuwatazama watu wangu. Mzee Zakaria. Mume wangu, mkono juu kuliko wote. Na wale wawili wa getini, mmoja kanyoosha na jagi.

Katibu akawaeleza kwamba wao si wanajumuiya, kura zao hazihesabiki. Nikabaki na mbili. Mimi mwenyewe kwa unyenyekevu sikujipigia (na Mama Faraja alijipigia, nilimwona). Wale mabwana wakauliza mtu akitaka kujiunga anafanyaje. Mwinjilisti alifikiri wanatania. Hawakuwa wanatania. Akawaandika majina. Hivyo leo jumuiya yetu imepata waumini wapya wawili, idadi ambayo haikupatikana kwa mwaka mzima wa ujumbe wangu wa alfajiri na njiwa wake.

Watu wameondoka. Maandazi yamebaki beseni zima. Nilimkalisha mume wangu barazani nikamuuliza swali moja tu: kwa nini hukuniambia? Nilikuwa nimejiandaa kumfokea mpaka jirani wa nne asikie. Akakuna goti.

"Ulikuwa unanisubiri getini," akasema. "Unatabasamu. Tumeoana miaka kumi na tisa, wewe ukiniona narudi huwa unaangalia saa. Nikaona nikikuambia, itakwisha."

Sijui nilie, sijui nicheke, sijui nimpige na kopo. Nilimwambia tu akayamwage yote, na safari hii niende naye nikashuhudie yanamwagwa. Tukaenda pamoja. Lililokuwa gumu ni kwamba tulipokuwa tunafungua kamba nilimwona anasikitika kweli, nami nikawa naparua ncha ya mwanzi kwa ukucha bila kujitambua, maana ilikuwa imeshaanza kuwa ya kahawia.

Sasa hivi simu imelia. Ni mwenyekiti mpya, Mama Faraja, ujumbe wake wa kwanza kwenye kundi, na njiwa kaweka vilevile. Anasema kwa kuzingatia maombi ya waumini wapya, ambao wameahidi kuja na wenzao, ibada ya Jumamosi ijayo itafanyika tena kwa Mama Upendo. Wanaume kumi na mmoja wameshajibu amina, na mmoja wao hana kawaida hata ya kufungua simu.

Atakayecheka, namwalika awe mgeni wangu Jumamosi. Maandazi yapo. Kikombe sitoi.